Moyo Kusimama Si Sababu ya Kifo

Kila aliyekufa moyo wake umesimama. Aliyegongwa na gari, aliyezama majini, aliyeugua saratani miaka mitano: wote mwisho wao moyo ulisimama. Kwa hiyo anayeandika kwenye cheti kwamba kijana wa miaka 27 amefariki kwa sababu moyo ulisimama hajaeleza chochote. Amesema tu kwamba marehemu ni marehemu. Lakini hayo ndiyo maneno ambayo familia nyingi za Nepal, India, Bangladesh na Kenya hukabidhiwa pamoja na jeneza linaporudi kutoka nchi za Ghuba.

Tumezoea kuzungumzia moja moja dhuluma wanazofanyiwa wafanyakazi wahamiaji huko: pasipoti iliyofungiwa kabatini, mshahara wa miezi minne usiolipwa, watu wanane katika chumba kimoja. Zote ni za kweli na zote zinauma. Ila kwa maoni yangu zinakutana kwenye karatasi hiyo moja, kwa sababu hapo ndipo kila lililomtendekea mtu linapofutwa.

Chukua Qatar. Desemba 2010 FIFA iliipa nchi hiyo Kombe la Dunia la 2022. Februari 2021 gazeti la The Guardian likachapisha hesabu ya vifo vya wafanyakazi wahamiaji kwa miaka hiyo kumi: zaidi ya 6,500, kutoka India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka. Idadi hiyo imetumiwa vibaya na wengi. Si wote waliokufa wakijenga viwanja, na rekodi hazikutenganisha kazi walizokuwa wakifanya. Pia ni pungufu, maana nchi kadhaa zinazopeleka watu wengi huko, Kenya na Ufilipino zikiwemo, hazikuhesabiwa kabisa. Kilichonishtua mimi ni kingine: kwa Wahindi, Wanepali na Wabangladeshi, asilimia 69 ya vifo viliandikwa kuwa vya kawaida, yaani visivyotokana na ajali wala jeraha.

Serikali ya Qatar ilijibu kwamba idadi hiyo inalingana na ukubwa wa jamii ya wahamiaji, kwamba kwenye watu wengi lazima wafe wengi. Naipinga hoja hiyo. Hawa si watu waliookotwa tu njiani. Kabla ya kupewa viza kila mmoja wao alipimwa kifua, damu, homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Aliyekutwa mgonjwa alibaki kwao. Waliopanda ndege ni vijana waliothibitishwa kwa mhuri wa daktari kuwa wazima. Vijana wa namna hiyo wanapolala baada ya zamu na asubuhi hawaamki, hilo si jambo la kawaida popote duniani.

Na dalili za kilichowaua zipo. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Cardiology lilichapisha utafiti kuhusu Wanepali waliofia Qatar kati ya 2009 na 2017. Katika miezi ya baridi, vifo vilivyohusishwa na moyo na mishipa ya damu vilikuwa asilimia 22 ya vifo vyote. Katika miezi ya joto vikapanda hadi asilimia 58. Moyo haujui kalenda. Unachojua ni joto. Mwili hujipoza kwa jasho kukauka juu ya ngozi, na pwani ya Ghuba unyevu wa hewa ni mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka tu bila kukauka, huku mtu amebeba nondo tangu alfajiri. Watafiti hao walikadiria kwamba kati ya vifo 571 vya moyo, hadi 200 vingeweza kuzuiwa kwa kuwakinga watu na joto.

FIFA ililielewa joto hilo vizuri. Mwaka 2015 iliamua kuyahamisha mashindano kutoka katikati ya mwaka hadi Novemba na Desemba, ili wachezaji wasikimbie juani kwa dakika tisini. Wajenzi walikuwa juani majira yote ya joto, mwaka hadi mwaka.

Kwa nini basi sababu haitafutwi? Sheria ya Qatar ya 2012 inaruhusu mwili kupasuliwa na kuchunguzwa katika hali chache tu, kama vile panaposhukiwa uhalifu. Mwaka 2014 kampuni ya mawakili ya DLA Piper, iliyoajiriwa na serikali hiyohiyo, ilishauri sheria ibadilishwe ili vifo vya ghafla vichunguzwe, na ufanyike utafiti huru juu ya vifo hivi vya moyo. Wahusika waliusoma ushauri huo, na miaka saba baadaye gazeti bado lilikuwa likihesabu vifo "vya kawaida". Hii ndiyo funika kombe mwanaharamu apite. Kifo kilichotokana na kazi kinadai fidia. Kifo cha kawaida hakimdai mwajiri kitu. Mjane anabaki na watoto, na mara nyingi anabaki pia na deni, kwa kuwa marehemu alikopa ili amlipe wakala aliyempeleka.

Kwa wanawake wa kazi za ndani hali ni nzito zaidi, maana hata mashahidi hawapo. Chini ya mfumo wa kafala, yaani wa udhamini, kibali cha kuishi nchini, yaani iqama, kimefungwa kwa kafili mmoja, mwajiri anayemdhamini mfanyakazi. Mfanyakazi akitoroka kipigo, kafili anaweza kumripoti kuwa mtoro, na hapo anayekamatwa ni yeye aliyepigwa. Mageuzi ya Saudi Arabia ya Machi 2021, yaliyowarahisishia wafanyakazi wengine kubadili mwajiri, yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Bosi aliyelipa wakala maelfu ya riyali humwambia dada huyo wazi kwamba amemnunua. Mwezi Machi 2025 gazeti la The New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walifia Saudi Arabia ndani ya miaka mitano. Baadhi ya ripoti za uchunguzi wa maiti zilitaja majeraha, kuungua na kupigwa na umeme, na bado vifo hivyo viliitwa vya kawaida. Soma tena sentensi hiyo. Mimi niliisoma mara tatu.

Haki niitoe inapostahili. Qatar ilifuta mwaka 2020 sharti la kuomba ruhusa ya mwajiri kabla ya kuhama kazi, ikaweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi, na tangu 2021 kazi za nje zimepigwa marufuku mchana wa majira ya joto kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu. Hizo ni hatua, na zitaokoa watu. Waliotangulia hazikuwafikia. Novemba 2024 FIFA ilitangaza mfuko wa dola milioni 50 kutokana na mashindano hayo, fedha zikapelekwa kwenye miradi ya mashirika ya kimataifa, na familia za waliokufa hazikutengewa fidia humo.

Hasira yangu kubwa, hata hivyo, inazielekea serikali zinazowapeleka watu hawa. Zinahesabu fedha zinazotumwa nyumbani hadi senti ya mwisho, lakini jeneza likifika uwanja wa ndege zinapokea cheti na kufunga jalada. Nini kinazizuia kuandika kwenye mikataba ya ajira kwamba hakuna mwili unaosafirishwa bila uchunguzi kamili, daktari wa upande wa familia akiwepo? Nini kinazizuia kuupima mwili upya unapofika? Ni kweli kwamba mwili uliokaa mochari kwa wiki na kutiwa dawa huficha mengi, ila hauwezi kuficha mbavu zilizovunjika.

Tarehe 11 Desemba 2024 Saudi Arabia ilipewa Kombe la Dunia la 2034, ikiwa mgombea pekee. Mpango wake una viwanja 15, na 11 kati ya hivyo ni vipya. Vijana watakaovijenga wako kwenye foleni za kliniki leo, wanapimwa kifua na damu, wanapigiwa mhuri kwamba ni wazima.