Kutwa mara tatu, na usiku je?

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki. Saa 4 asubuhi, nimeshaoga, nimeshameza dawa, nimekaa kwenye kiti chenye mgongo. Nikaulizwa swali la siku zote: maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10? Nikasema 4. Ikaandikwa 4. Nilipofika mlangoni ndipo hasira ikanipanda, na hadi leo haijashuka. Ile 4 ilikuwa ya saa 4 asubuhi. Saa 8 za usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa kwenye 9, nimeng'ang'ania ukingo wa godoro, na hakuna aliyeniuliza nimelalaje.

Saratani yangu imefika kwenye mifupa, nyonga na mgongo. Wenzangu wa safari hii hawahitaji kuelezwa. Mchana kuna watu, kuna sauti, kuna mlango unaofunguliwa, na akili inapata pa kushika. Usiku maumivu yanabaki na wewe tu. Nikilalia kushoto nyonga inawaka, nikilalia kulia mgongo unadai zamu yake. Mto naubana katikati ya magoti, nauondoa, naurudisha. Usingizi ukija ni wa mang'amung'amu, nasikia kila kitu na siwezi kuamka wala kulala.

Hebu chukua bahasha ya dawa uisome. Kutwa mara tatu. Kutwa ni tangu jua lichomoze hadi lizame. Usiku una neno lake, kucha, ndiyo maana tukitaka kutaja siku nzima bila kubakiza tunasema kutwa kucha. Mimi nilimeza kama nilivyoandikiwa: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Mchana, saa 6 kati ya dozi na dozi. Lakini kutoka saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi ni saa 12. Dawa iliyopimwa kunibeba saa 6 inatakiwa inibebe mara mbili yake, tena katika saa ambazo sina kingine cha kushika. Haiwezi. Saa 7 usiku inanitua chini. Kwa miezi nilikuwa nashtuka muda huohuo nikiamini ni mawazo, nikiamini ni hofu ya kufa. Niliambiwa nipunguze kuwaza. Niliambiwa niombe zaidi, na niliomba, nikijilaumu kwamba imani yangu ni haba. Kumbe dawa ilikuwa imekwisha mwilini!

Na hili si jambo la kugundua leo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kutuliza maumivu ya saratani mwaka 1986, lilisema dawa zitolewe kwa kufuata saa, bila kungoja mgonjwa aumie ndipo apewe. Malengo nayo yakapangwa kwa ngazi. La kwanza kabisa ni kuongeza saa za kulala bila maumivu. La pili, atulie akiwa amepumzika. La tatu ndipo asimame na kutembea bila kuumia. Usingizi umetangulia vyote. Mwili usiolala unaumia zaidi kesho yake, na ukiumia zaidi haulali. Kwa nini basi naulizwa kama natembea, na siulizwi kama nalala?

Tunashauriwa tuache simu kitandani, kahawa ya jioni na kulala mchana ili usingizi uje. Sawa, nakubali. Nimeviacha, na vimesaidia kidogo. Lakini ule ushauri kwamba ukikaa macho dakika 20 utoke kitandani, aliyeutoa hakunifikiria mimi. Kutoka kitandani kwangu ni kazi ya dakika 10 na mkono wa mtu.

Na huyo mwenye mkono naye halali. Mwenzangu hugeukia ukutani na kupumua taratibu ili nidhani amelala. Mtu aliyelala kweli hapumui kwa mpangilio ule. Mimi nami nauma shuka nisitoe sauti ili yeye adhani nimelala. Usiku mmoja alinyoosha mkono chini ya shuka bila kugeuka, akanishika kifundo cha mguu, akakaa hivyo mpaka kukapambazuka. Hatukusemeshana.

Siku ile ya kliniki nilirudi ndani. Nilingoja hadi foleni ikaisha, nikatoa daftari ninaloandika usiku: saa niliyoshtuka, maumivu ngapi, nimelala tena saa ngapi. Kurasa 11. Daktari alisoma zote, kimya, kisha akavuta kiti karibu. Dozi ya usiku ikabadilishwa kuwa kidonge cha morfini, dawa kali ya maumivu, kinachotoa dawa polepole kwa saa 12. Deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe niliyokuwa nameza jioni, ikahamia asubuhi, kwani nayo hufukuza usingizi. Nikaomba na kidonge cha usingizi, akakataa, akanieleza kwamba vidonge vingi vya aina hiyo vikikutana na morfini vinaweza kudhoofisha pumzi za mtu hadi zikasimama. Nalirudia hapa kwa sababu najua tunavyoazimana vidonge, na najua saa 8 usiku mtu humeza chochote.

Alinitendea haki, na namshukuru. Lakini ilichukua daftari. Yupo asiyeweza kuandika, yupo mtoto asiyejua kuhesabu hadi 10, yupo mzee anayeona aibu kurudi mlangoni. Muulizeni huyo usiku wake. Ni swali moja, linaingia kwenye mstari uleule wa ile 4.

Daftari bado liko chini ya mto. Mstari wa juzi una saa moja tu: saa 10 alfajiri. Kabla ya hapo sikuamka.