Uraibu wa Walimu Wetu

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule moja ya Eastlands, Nairobi, na nina sifa mbaya: kila kosa la tahajia nakata nusu alama, hata ukilia. Wanafunzi wameniombea uhamisho kimoyomoyo miaka mingi. Nalitaja mapema kwa sababu litanirudia.

Siku ya wazazi ilipokaribia, Mwalimu Mkuu alinitwika kazi. Niongee na walimu kuhusu elimu, teknolojia, ubunifu na mambo wanayopenda kufanya wakitoka shuleni, kisha nitoe karatasi moja ya kuwapa wazazi. "Wajue sisi nasi ni watu," akasema.

Simu yangu ina programu inayosikiliza Kiswahili na kukiandika yenyewe. Nikaitega mezani wakati wa chai ya saa nne, kati ya birika na sahani ya mandazi, madirisha wazi, matatu za Jogoo Road zikipiga honi kama zimelipwa. Mimi nikala mandazi. Teknolojia ifanye kazi.

Mazungumzo yalikuwa matamu. Mwalimu wa Sanaa aliuonja mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukiwa mbichi, 1985, mtoto alipotarajiwa kushona, kuchonga na kupiga randa. Baadaye masomo ya mikono yakapunguzwa. Sasa mtaala wa umilisi umeyarudisha, ila yamepitia mlango wa wazazi. "Ile sanamu ya kutishia ndege ya Gredi ya 4," akasema, "mimi hutazama mshono tu, najua huyu ni mama mtu na huyu ni fundi wa Gikomba." Kuhusu teknolojia, Naibu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Tableti zilizoanza kuletwa mashuleni 2016 kwa ajili ya darasa la kwanza, zetu ziko kabatini, na ufunguo ulihamishwa pamoja na mwalimu aliyekuwa nao.

Jioni nikapitia saiba moja ya Buruburu. Nikaweka kichwa kwa herufi kubwa: URAIBU WA WALIMU WETU. Kijana wa saiba akasoma kidogo, akanitazama, akasoma tena.

"Mwalimu, nitoe hivi hivi?"

Nikamwambia, kwa sauti ya darasani, kwamba kazi ya mwalimu wa Kiswahili haisahihishwi na mtu wa saiba. Nakala 60, shilingi 300. Akatoa bila neno jingine. Akanirudishia chenji kwa mikono miwili, kama mtu aliyefiwa.

Kesho yake wazazi walikaa hemani, karatasi mikononi. Kwanza nilisikia kimya. Kisha mama mmoja wa mstari wa mbele akamvuta mwanawe, akampakata. Mtoto wa Gredi ya 6, miguu inaburura chini.

Nikachukua karatasi nikasoma. Mwalimu wa Sanaa: "Jioni napenda kuchoma watoto. Natumia makaa. Naanza na kichwa, kwa sababu wadogo hawatulii."

Kuchora, jamani. Alisema kuchora.

Jasho likaanza kunitoka. Nikashuka kwa Naibu: "Mimi huiba kanisani kila Jumapili. Nilianza nikiwa mdogo, baba ndiye aliyenifundisha. Siku hizi mke wangu naye huiba, na watoto tunawazoeza polepole." Herufi moja tu. M moja imemezwa na honi ya matatu, na mzee wa kwaya amegeuka genge la familia nzima.

Ungedhani wazazi wangecheka. Tatizo lilikuwa kile kichwa. Katika vitabu vyetu, uraibu ni jambo unalopenda kufanya wakati wa mapumziko. Redioni, uraibu ni wa pombe na dawa za kulevya. Basi hema zima lilidhani walimu wameamua kutubu hadharani. Baba mmoja alisimama, akavua kofia, akasema anaheshimu ujasiri wetu, lakini angependa kujua polisi wamehusishwa vipi. Nyuma yake mama mwingine akauliza kama sadaka ya harambee ya paa la kanisa ndiyo ile ile.

Nikakimbilia kipaza sauti. Nikaeleza kuhusu programu, honi na mandazi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo Naibu alivyozidi kunitazama, na kwaya yake imeketi pale, mstari wa tatu.

Baada ya mkutano aliniita. Alikuwa na nakala yake, ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, nusu alama kwa kila kosa. Nilipata hasi sita na nusu. Sijui nilitolewa alama ngapi mwanzoni, na sikuthubutu kuuliza.

Nikapeleka karatasi kwa Mwalimu Mkuu tupange marekebisho. Akapitia ya wengine akitikisa kichwa, akafika kwake: "Hulia shambani kila Jumamosi, peke yangu. Hapo ndipo napata amani."

"Samahani sana, Mwalimu," nikasema. "Ulisema hulima. Narekebisha leo leo."

Akatazama faili la bili za maji na stima lililokuwa mezani. Akairudia ile sentensi.

"Yangu iache," akasema.