Najisi haijaagiza jiwe

Jumatano iliyopita, baada ya laasiri, nilisikia mbwa analia nje ya geti langu hapa Mbweni, Unguja. Habweki, analia. Nilipotoka nikawakuta watoto sita, kanzu na kofia, juzuu kwapani, wametoka chuo cha Kurani. Wamembana mbwa koko baina ya ukuta na mtaro, na kila mmoja ana jiwe. Mguu wa nyuma wa yule mbwa ulikuwa unaning'inia. Kwenye baraza ya jirani amekaa mtu mzima, anatazama. Nikamwambia, "Mzee wangu, mbona huwakatazi?" Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo najisi."

Jibu lile limeniuma kuliko mawe. Watoto ni watoto. Lakini yule mzee aliamini kwa dhati kwamba amenitajia dini.

Basi tuizungumze dini. Wengi wetu hapa visiwani ni Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sibishani na hilo, nalifuata. Doa, mbwa wangu wa ulinzi, yuko nami mwaka wa nne na haingii ndani. Ana banda lake chini ya mwembe, ana sahani yake, na kanga ninayomhudumia nayo haikaribii mswala. Akiniramba, naosha. Hukumu hiyo imeniamrisha mimi nioshe. Imetaja maji, imetaja udongo. Mguu wa mbwa haukutajwa, na jiwe halimo.

Tena tunayo ile hadithi ya mwanamke mzinifu wa Bani Israili, imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Alimwona mbwa anazunguka kisima, ulimi nje kwa kiu. Akavua kiatu, akakifunga kwa mtandio wake, akateka maji akamnywesha, na kwa hilo akasamehewa. Hadithi haikumtajia kitu kingine cha kwenda nacho mbele ya Mola wake. Tunaisikia darsani, tunasema subhanallah, tunalengwa na machozi, kisha tunaketi barazani kutazama mbwa anavunjwa mguu na watoto wetu wenyewe! Hapa ndipo roho yangu inapochoka. Mtoto aliyefundishwa mara saba na udongo, hivi ni nani aliyesahau kumfundisha kisima?

Najua nitaambiwa malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwamba anayefuga bila ya haja hupungukiwa na thawabu kila siku. Nakubali, ndiyo maana Doa analala nje. Lakini wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametolewa katika katazo hilo, na Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafi, akaona wa kulinda nyumba naye anaingia katika ruhusa hiyo kwa kiyasi, yaani kwa kulinganisha. Babu yangu kule Muyuni alikuwa msasi. Alikuwa na mbwa watatu, na nguruwe walipoingia kwenye mihogo, wanakijiji waligonga mlango wake yeye kabla ya alfajiri. Wakishamaliza kazi, aliwatekea maji mbwa wake kwanza, ndipo akanawa, akatawadha.

Paka wa sokoni Darajani anapewa kichwa cha samaki bila hata kuomba, na ni vizuri. Mbwa je?

Wako wanaoogopa kichaa cha mbwa. Hofu hiyo naiheshimu, maana dalili zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Lakini Pemba wametuonyesha njia: walichanja mbwa kisiwa kizima, maradhi yakatoweka. Mwaka 2016 yakaingia tena kutoka nje ya kisiwa, chanjo ya kila mwaka ikarejeshwa, na Oktoba 2018 yakakatika. Sasa mbwa aliyezoeshwa kwamba kila mkono wa binadamu una jiwe, mchanjaji atamshika vipi?

Ndugu yangu aliyeko Berlin hunitumia picha za mbwa wamepanda treni pamoja na wenyewe, wamelala miguuni mwa abiria. Mie siombi hayo. Siombi mbwa apande daladala ya Fuoni wala aingie mkahawani Forodhani; mji huu una watu wanaotoka kazini kwenda kusali na nguo zao lazima zibaki safi. Naomba mbwa apite njia yake, anywe maji ya mvua mtaroni, afike anakokwenda.

Yule aliyepigwa yuko uani kwangu. Daktari wa mifugo amemfunga gango, amemchoma sindano, na Doa amekubali kumwachia nusu ya kivuli cha mwembe. Watoto hupita hapa kila siku baada ya laasiri. Kesho Ijumaa, siku ya kusoma Suratul Kahf, nitawasubiri getini na tende. Wakubwa wao wameshaihifadhi sura hiyo. Nitawaomba wanisomee aya ya 18, ile ya vijana waliolala pangoni na mbwa wao amenyoosha miguu yake kizingitini, kisha wanieleze kwa maneno yao huyo mbwa alikuwa anafanya nini pale.