Canberra: nani anamlisha nani?

Usiku wa tarehe 3 Mei 2025, Peter Dutton, kiongozi wa upinzani wa Australia, alipoteza vitu viwili kwa mpigo: uchaguzi mkuu, na kiti chake mwenyewe cha ubunge, Dickson, huko Queensland. Chama cha Labor cha waziri mkuu Anthony Albanese kilipata viti 94 kati ya 150. Magazeti mengi ya News Corp, kampuni ya familia ya Murdoch, yalikuwa yamewashauri wasomaji wake wauchague muungano wa Dutton wa vyama vya Liberal na National. Mwaka 2022 yalikuwa yameshauri vivyo hivyo, na Scott Morrison, waziri mkuu wa muungano huo, akaanguka. Mara mbili mfululizo wananchi waliusoma ushauri, wakalikunja gazeti, wakaenda kupiga kura walivyotaka wao.

Matokeo hayo yameuchochea upya ubishi wa siku nyingi. Je, wenye magazeti ndio wanaoweka na kuondoa serikali Canberra, mji mkuu wa Australia, au hicho ni kisingizio cha wanasiasa walioshindwa? Naona pande zote mbili zina hoja nzito, lakini zote zinalichungulia sanduku la kura wakati mambo yanapikwa chumba kingine.

Upande wa kwanza una sauti ya mtu aliyewahi kukikalia kiti chenyewe. Mwaka 2020 Kevin Rudd, waziri mkuu wa zamani kutoka Labor, aliliandikia bunge ombi la kutaka iundwe tume ya kuchunguza umiliki wa vyombo vya habari. Zaidi ya watu 500,000 walitia saini. Rudd alimwita Rupert Murdoch saratani katika demokrasia ya nchi hiyo, na miongoni mwa waliotia saini alikuwemo Malcolm Turnbull, waziri mkuu wa zamani kutoka Liberal, chama cha upande wa pili kabisa. Wana ushahidi wa kuonyesha. Brisbane, Adelaide, Hobart na Darwin, kila mji una gazeti moja tu kubwa la kila siku la kuchapwa, na yote manne ni ya News Corp. Agosti 2013, siku moja tu baada ya uchaguzi kutangazwa, Daily Telegraph, gazeti la News Corp la Sydney, lilitumia ukurasa wake wa mbele kuwataka wasomaji walifukuze kundi la Rudd. Hiyo haikuwa safu ya maoni iliyofichwa ndani. Ilikuwa habari kuu ya siku. Na Desemba 1975, waandishi wenyewe wa The Australian, gazeti la kitaifa la Murdoch, waligoma wakilalamika jinsi gazeti lao lilivyoiandika habari ya Gough Whitlam, waziri mkuu aliyekuwa ameondolewa na gavana mkuu mwezi uliotangulia.

Upande wa pili hujibu hivi: Murdoch hauongozi upepo, anaufuata. The Australian lilimuunga mkono Whitlam huyo huyo mwaka 1972, na mwaka 2007 lilimuunga mkono Rudd. Wakati huo hatukusikia habari za saratani. Herald Sun, gazeti la Murdoch la Melbourne, lilimwandama kwa miaka Daniel Andrews wa Labor, kiongozi wa serikali ya jimbo la Victoria, naye akashinda jimbo hilo mwaka 2018 na tena 2022. Nami naongeza hoja ambayo sioni ikipewa uzito unaostahili: kupiga kura Australia ni lazima kisheria tangu 1924. Kwingineko gazeti linaweza kushinda kwa kuwakasirisha wafuasi wachache wakajitokeza, au kwa kuwakatisha tamaa wengine wakabaki nyumbani. Australia njia hiyo ni nyembamba mno. Karibu kila mtu atafika kituoni, kwa hiyo anayetaka kugeuza matokeo hana budi kuigeuza mioyo yenyewe.

Kuna pia lalamiko la mrengo wa kulia kwamba ABC, shirika la utangazaji la umma lililoanza mwaka 1932, linaegemea kushoto huku likilipwa zaidi ya dola bilioni moja za walipa kodi kila mwaka. Silipuuzi, kwa sababu anayelipa kodi ana haki ya kudai usawa. Ila mwenye mkoba ni serikali, na mkoba huo umewahi kutumika. Jioni ya kuamkia uchaguzi wa 2013 Tony Abbott, kiongozi wa Liberal aliyeshinda uchaguzi huo, aliahidi mbele ya kamera kwamba hapatakuwa na punguzo la fedha za ABC wala za SBS, shirika la umma la lugha nyingi. Mwaka uliofuata akapunguza.

Sasa turudi kwenye kile chumba kingine. Kati ya 2010 na 2018, mawaziri wakuu wanne wa Australia waling'olewa wakiwa madarakani, na hakuna hata mmoja kati ya wanne hao aliyeng'olewa na wapiga kura siku ile: Rudd, Julia Gillard, Abbott, Turnbull. Wote waliondolewa na wabunge wa vyama vyao, ndani ya mlango uliofungwa. Agosti 2018 Turnbull alianguka kwa kura 45 dhidi ya 40. Watu 85, katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 15. Gazeti halihitaji kuigeuza mioyo ya mamilioni kama linaweza kuwatia hofu wabunge arobaini na watano.

Hapa ndipo nawatilia shaka wanaolalamika pia. Turnbull alipompindua Abbott mwaka 2015, sababu mojawapo aliyoitaja hadharani ni kwamba serikali ilikuwa imeshindwa mara 30 mfululizo katika kura za maoni za Newspoll. Newspoll huchapishwa na The Australian. Waziri mkuu mtarajiwa alichukua kipimo cha gazeti la Murdoch, akakifanya sheria ya kumpimia mwenzake. Aprili 2018 yeye naye akafikisha 30, na kila mwandishi wa bungeni alikuwa na hesabu hiyo mkononi. Rungu lile hakupewa na adui. Alikuwa amelichonga mwenyewe.

Ndiyo maana swali la nani anampendelea nani naliona dogo. Kubwa ni nani anamlisha nani. Waandishi wa siasa wa Australia wana ofisi zao ndani ya jengo la bunge, hatua chache kutoka kwa mawaziri na washauri wao wa habari. Ukaribu huo una faida yake, kwani mwandishi anaonana na mkubwa uso kwa uso. Una gharama yake pia.

Tazama kampeni ya 2022. Siku ya kwanza, tarehe 11 Aprili, akiwa Launceston, Albanese aliulizwa kiwango cha ukosefu wa ajira na riba ya benki kuu. Hakuvijua. Kwa siku kadhaa habari ikawa hiyo. Wapo waliosema ni mtego wa kitoto, na kiongozi wa chama cha Greens, Adam Bandt, alipoulizwa swali la aina hiyo alimwambia mwandishi akatafute Google. Mimi siwafuati moja kwa moja. Mtu anayeomba kuongoza uchumi anapaswa kujua kama wasio na kazi ni asilimia nne au zaidi, na mwandishi aliyeuliza alifanya kazi yake. Tatizo ni kilichokosa nafasi. Wakati ule ule, Morrison alikuwa amejiapisha kisiri katika wizara tano, zikiwemo afya na fedha, na baadhi ya mawaziri aliogawana nao madaraka hawakuwa na habari. Australia nzima ilikuja kujua Agosti, miezi mitatu baada ya uchaguzi. Aliyeifichua si mpinzani wake: fununu ya kwanza ilitoka katika kitabu cha waandishi wawili wa The Australian, waliokuwa na njia ya kumfikia. Ukaribu ndio uliotuletea habari hiyo, na ukaribu huo huo unaacha swali la kwa nini ilifika baada ya kura.

Kwa msomaji wa Kiswahili liko jambo la karibu zaidi. Miji ya Australia ina Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wengi, na SBS lina idhaa ya Kiswahili. Januari 2018 Dutton, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alisema katika redio ya Sydney kwamba watu wa Melbourne wanaogopa kwenda mikahawani usiku kwa sababu ya magenge ya Kiafrika. Akizungumza Sydney, kuhusu Melbourne. Wakazi wa Melbourne walijibu kwa kuweka mtandaoni picha za vyakula vyao vya usiku. Julai Turnbull naye akasema kuna hofu ya kweli juu ya magenge ya Wasudani, na televisheni na magazeti yakaendelea kuipuliza habari hiyo hadi uchaguzi wa Victoria wa Novemba.

Haki inataka tuseme kwamba habari haikubuniwa kutoka hewani. Polisi wa Victoria wenyewe walikiri kwamba vijana wenye asili ya Afrika walikuwa wengi kupita uwiano wao katika baadhi ya makosa ya vurugu, na aliyevunjiwa nyumba usiku hafarijiki kwa takwimu. Mhariri asingeweza kunyamaza. Lakini jamii yenyewe ni ndogo, na washukiwa walio wengi kabisa wa uhalifu Victoria walikuwa watu waliozaliwa Australia. Kila kosa la kijana mweusi lilipewa jina la bara zima, na mama wa Kikongo asiyejua hata genge moja akawa anatazamwa vibaya kwenye treni. Andrews alishinda viti 55 kati ya 88. Wanaosema vyombo vya habari havina nguvu huishia hapo: mmeona, kampeni ya hofu ilishindwa. Ilishindwa kwenye kura. Mtoto aliyeitwa genge shuleni mwaka ule hakurudishiwa kitu na idadi ya viti.

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni Robodebt. Kati ya 2015 na 2019 serikali iliendesha mpango wa kompyuta wa kuwadai waliowahi kupokea posho za ustawi. Mashine ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka ofisi ya kodi, ikakigawa sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, kisha ikalinganisha na alichokuwa ameripoti. Mwanafunzi aliyepokea posho nusu mwaka, akapata kazi nusu iliyobaki, alionekana kama mtu aliyelipwa mshahara mwaka mzima huku akichukua msaada. Barua ya deni ikamfuata. Ni yeye aliyetakiwa kuzitafuta karatasi za mishahara za miaka iliyopita kuthibitisha kwamba hadaiwi. Takriban watu 433,000 walidaiwa kinyume cha sheria, jumla ikiwa dola bilioni 1.7 hivi. Tume ya uchunguzi ya Catherine Holmes, iliyotoa ripoti Julai 2023, iliueleza mpango huo kuwa wa kikatili, usio wa haki wala wa halali.

Mapema 2017, wadaiwa walipoanza kusema mbele ya waandishi, ofisi ya Alan Tudge, waziri aliyeusimamia mpango huo, ilijibu vipi? Tume ilisikia kutoka kwa aliyekuwa mshauri wake wa habari kwamba mkakati ulikuwa kupeleka habari za kuipendeza serikali kwa vyombo vilivyoonekana rafiki. Taarifa kutoka kwenye majalada ya walalamikaji zilifikishwa kwa waandishi. Serikali ina utetezi, na haufai kupuuzwa: mtu akisema uongo gazetini juu ya idara, idara iachwe isijibu? Mwandishi aliyepokea taarifa hizo naye angeweza kusema alipewa jambo la kweli lenye maslahi kwa umma. Lakini raia mmoja hana mshauri wa habari, na aliyeona jirani yake akianikwa hivyo alijifunza kufunga mdomo. Tume ilisema waziri kuzitumia taarifa za wapokea posho namna ile, ili kuwakatisha tamaa wakosoaji, kulikuwa ni kutumia vibaya madaraka.

Habari hii haigawanyiki vizuri kati ya magazeti mazuri na mabaya. Juni 2019 polisi walipekua nyumba ya mwandishi wa News Corp aliyefichua mpango wa kuipa idara ya ujasusi uwezo wa kuwachunguza raia, na kesho yake wakaingia makao ya ABC Sydney kwa sababu ya habari za wanajeshi wa Australia Afghanistan. Oktoba mwaka ule magazeti ya News Corp na ya mahasimu wake yakatoka siku moja na kurasa za mbele zilizofutwa kwa wino mweusi, huku ABC ikiwaunga mkono. Walipokosa kulishwa na walipoguswa wote, walijua wanachotetea.

Na Labor iliyounda tume ya Robodebt? Ilikubali karibu kila kitu ambacho Holmes alishauri. Moja ililolikataa ni ushauri kwamba nyaraka za baraza la mawaziri zisifichwe kwa sababu tu ni za baraza. Septemba 2025 serikali hiyo hiyo ikapeleka bungeni muswada wa kuipanua kinga hiyo, na kuruhusu ada kwa anayeomba taarifa. Mwandishi asiyeweza kuzipata karatasi hizo kwa haki atabaki akisubiri mshauri wa waziri amwite kando, amchagulie ipi aione.