Kipi kweli, kipi umebuni?

Mwandishi wa riwaya ya kihistoria akiketi mbele ya wasomaji wake, swali la kwanza halichelewi, na karibu kila mara ni lile lile: katika haya uliyoandika, kipi kweli na kipi umebuni? Mtunzi wa hadithi za upelelezi haulizwi hivyo. Hakuna anayemwomba namba ya jalada la polisi. Lakini ukishataja mwaka, ukataja vita vilivyopiganwa na mtu aliyezikwa, msomaji anajiona ana haki ya kudai risiti.

Wapo waandishi wanaoitoa risiti hiyo kwa furaha, mpaka na ukurasa wa waraka waliousoma. Wapo wanaonuna wakasema kitabu kijisemee chenyewe. Nimewasikiliza wa aina zote mbili na mara nyingi nimeondoka sijaridhika. Wa kwanza wanajibu kana kwamba wameitwa mahakamani, wa pili kana kwamba wametukanwa.

Ubishi wenyewe ni wa zamani. Mwitaliano Alessandro Manzoni alichapisha mwaka 1827 riwaya kuhusu wachumba wawili wa Lombardia ya karne ya 17, akaifumua lugha yake yote na kuitoa upya kati ya 1840 na 1842. Ilipofika 1850 akatoa insha juu ya riwaya ya kihistoria, na anaianza kwa malalamiko mawili ya wasomaji. Kundi la kwanza linalalamika kwamba mwandishi hawaonyeshi mpaka kati ya tukio la kweli na la kubuni, kwa hiyo wanafunga kitabu wasijue wamejifunza nini. Kundi la pili linalalamika kinyume chake: mwandishi akianza kuonyesha mpaka huo, hadithi inakatika vipande na ladha inaisha. Hukumu ya Manzoni ni kwamba wote wana haki, na kwamba kosa limo ndani ya utanzu wenyewe, unaoahidi vitu viwili visivyokaa chungu kimoja. Hakuandika riwaya nyingine.

Nadhani alikata tamaa mapema, ila ugumu aliouona upo. Chukua sura ya kawaida tu. Jemadari ameketi usiku, anaandika barua ya kusalimu amri. Barua ipo, imehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa na tarehe yake inasomeka. Taa iliyo mezani imebuniwa, ingawa taa za namna hiyo zilitumika wakati ule. Kwamba ilikuwa usiku ni kukisia, kwa kuwa mjumbe aliondoka nayo alfajiri. Mkono unaotetemeka ni wa mwandishi. Sentensi ya mwisho ya barua ni ya jemadari mwenyewe, lakini imefupishwa, na kabla ya kufika kwenye ukurasa huu ilishatafsiriwa. Sasa sura hii ni kweli, au imebuniwa? Mwandishi anayejibu "asilimia themanini ni kweli" anapiga porojo. Hakuna mzani unaopima mkono unaotetemeka upande huu na tarehe upande ule.

Ugumu huo hautoshi kuwa sababu ya kunyamaza. Hoja nzito kuliko zote ya kujibu inawahusu marehemu. Marehemu hawezi kumwandikia mhariri. Ukimpa mtu aliyeishi kweli usaliti, wizi au mauaji ambayo hakuna ushahidi wowote kwamba aliyafanya, na msomaji akakuuliza umeyatoa wapi, "hii ni riwaya" si jibu. Huenda anayeuliza ni mjukuu wa mtu huyo. Na hata asipokuwa mjukuu, wasomaji wengi picha yao ya zama fulani imetoka kwenye riwaya. Kitabu cha historia walikisoma shuleni, wakafanya mtihani, wakasahau.

Ebrahim Hussein alilijua hilo. Kinjeketile yake ya mwaka 1969 ni tamthilia, si riwaya, lakini kidonda ni kile kile: inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na shujaa wake ana jina la mtu aliyekuwepo, Kinjeketile Ngwale, ambaye Wajerumani walimnyonga Agosti 1905 vita vikiwa ndiyo kwanza vimewaka. Katika maelezo aliyoyaambatanisha na tamthilia hiyo, Hussein anasema waziwazi kwamba Kinjeketile aliishi kweli, lakini huyu wa jukwaani asichukuliwe kuwa ndiye yule. Huyu ni kiumbe cha ubunifu wake. Amejibu kabla ya kuulizwa, kwa maneno machache. Na mhusika hakupungukiwa na kitu. Anapokataa, mwishoni, kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, hakuna anayemwacha mkono kwa kukumbuka yale maelezo ya mwanzoni.

Upande wa wanaonyamaza nao una hoja, na mtetezi wao mkubwa ni Mwitaliano Umberto Eco. Mwaka 1980 alitoa Il nome della rosa (Jina la Waridi), riwaya ya mauaji ndani ya monasteri mwaka 1327. Barua zilimiminika, na mwaka 1983 akachapisha maelezo marefu ambamo, kabla ya kusema lolote, anasema msimulizi hapaswi kutoa tafsiri za kazi yake, la sivyo angeandika kitu kingine kisicho riwaya. Mtu anaweza kucheka: amekataa kujibu, kisha amejibu kurasa kwa kurasa. Lakini ndani ya kurasa hizo mna kisa ambacho kwangu ndicho kiini cha suala zima.

Katika riwaya, kijana Adso anamuuliza mwalimu wake ni kitu gani kinachomtisha zaidi katika usafi wa imani. Anajibiwa: haraka. Baadaye kidogo hakimu wa kanisa, akimtisha mshtakiwa, anasema haki haisukumwi na haraka, na ya Mungu ina karne nyingi mbele yake. Msomaji mmoja akamuuliza Eco: haraka hizi mbili zina uhusiano gani? Eco akaona kwamba uhusiano upo, tena unatia wasiwasi, na kwamba yeye hakuwa ameuweka. Yale mazungumzo ya Adso na mwalimu wake hayakuwemo hata kwenye mswada. Aliyaongeza wakati wa kusahihisha prufu, kwa sababu mwendo wa sentensi ulidai maneno machache zaidi pale.

Fikiria angekuwa mwepesi wa kujibu. Angesema "haina maana yoyote, nilijaza nafasi", na angekuwa amesema kweli kuhusu mkono wake na uongo kuhusu kitabu chake. Jibu la mwandishi lina nguvu ya sheria hata pale lisipostahili. Msomaji anauliza kama yule mama wa sura ya mwisho alivuka mto salama. Mwandishi, kwa kuchoka au kwa ukarimu, anasema alizama. Basi, amezama, hata kwa wale waliokaa naye miaka kumi akiwa hai. Maswali ya namna hiyo mimi ningeyakwepa bila aibu. Alichokiacha wazi ukurasani kibaki wazi.

Lakini Eco huyo huyo ana ushahidi wa upande wa pili. Anaeleza kwamba kila mara alipopelekewa malalamiko kuwa mhusika wake anasema mambo ya kisasa mno, maneno hayo yalikuwa yamenukuliwa kutoka kwa waandishi wa karne ya 14. Na kwingineko wasomaji walifurahia ladha ya kale katika mambo ambayo yeye aliyaona ya kisasa kabisa. Hapo kunyamaza kungekuwa hasara. Msomaji aliyeambiwa "sentensi unayoikataa iliandikwa zama zile zile" hapotezi riwaya; anapoteza dhana mbovu aliyokuwa nayo juu ya watu wa kale, kwamba walifikiri polepole au hawakuwahi kutania. Hilo ndilo jibu ambalo mwanahistoria hana nafasi ya kulitoa, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Kuna tatizo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka, nalo ni kwamba mwandishi mwenyewe ni shahidi dhaifu. Amesoma daftari baada ya daftari, ameota, ameandika, amefuta. Baada ya miaka mitano mambo aliyoyabuni yamekaa pamoja na maelezo ya vyanzo, na yote yamevaa nguo za aina moja. Mrusi Tolstoy aliulizwa sana kuhusu riwaya yake Vita na Amani, na mwaka 1868, kabla mabuku ya mwisho hayajatoka, akachapisha makala ya kujibu. Alisema kila mahali ambapo watu wa historia wananena na kutenda hakubuni, alitumia maandishi, na kwamba vitabu hivyo vimekuwa maktaba nzima. Ni kauli ya kujiamini. Kisha Vyazemsky, mshairi wa ukoo wa kikabaila aliyekuwepo mwaka 1812 Napoleon alipoivamia Urusi, akaikebehi sura ambamo mfalme Alexander anawatupia watu biskuti kutoka roshani ya ikulu. Tolstoy akaandika kwamba kisa hicho kimo katika kumbukumbu za Sergei Glinka. Waliotafuta humo hawakukiona kama alivyokisimulia.

Sidhani alidanganya. Nadhani alikuwa ameziona biskuti zile zikidondoka kwa muda mrefu mno, hata asikumbuke tena kwamba hakuzisoma popote. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kujibu vizuri ni bora awe ameweka daftari la vyanzo tangu siku ya kwanza, sura kwa sura, na alipobuni aandike "nimebuni". Asiyekuwa nalo anajibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya mtunzi ndicho chombo kile kile alichotumia kutunga.

Mskoti Walter Scott alipitia njia zote mbili kwa zamu. Riwaya yake ya kwanza, Waverley, ilitoka mwaka 1814 bila jina la mwandishi, na hakukiri hadharani kuwa ni yake mpaka Februari 1827, kwenye karamu jijini Edinburgh. Miaka 13 hakuna wa kuulizwa, na watu walizinunua riwaya zile kama kawaida. Kuanzia 1829 akazitoa upya na dibaji na tanbihi zake mwenyewe: kisa hiki nilikisikia kwa nani, mhusika huyu nilimchonga kutoka kwa mtu gani. Hivyo aliweza kumridhisha kila mlalamikaji wa Manzoni, wa kwanza kwa tanbihi na wa pili kwa kuziweka mahali ambapo asiyezitaka anaweza kuziruka.

Mimi naegemea huko. Ajibu, lakini nje ya hadithi na baada yake. Aulizwapo chanzo, akitaje. Aulizwapo kama alibuni, akubali bila kujitetea, maana wengi huliona neno "nilibuni" kama kukiri kosa, wakati ndilo lililowafanya wasomaji waje kuuliza. Aulizwapo maana, acheke na kumrudishia msomaji swali. Mpango huu una tundu moja, nalijua. Yapo maswali ambayo ni ya chanzo na ya maana kwa pamoja: kwa nini umemfanya mtu huyu mwoga? Hapo ushahidi na hukumu vimesukwa kamba moja, na sijamsikia mwandishi aliyezifumua vizuri akiwa amesimama mbele ya watu.

Tena si kila msomaji anayeuliza ana risiti ya kwake. Miongoni mwa waliomvaa Tolstoy alikuwa Avraam Norov, aliyepoteza mguu katika mapigano ya Borodino ya mwaka huo wa 1812 na baadaye akawa waziri wa elimu. Alikasirishwa na mengi, mojawapo likiwa Kutuzov, jemadari mkuu wa Urusi, kuonekana, vita vikimsubiri, akisoma riwaya ya Kifaransa ya Madame de Genlis. Je, hili laingia akilini, aliuliza. Kuanzia jemadari mkuu hadi luteni mdogo wa mizinga kama yeye, kila mmoja alijaa hisia za nchi yake, nani angekuwa na moyo wa riwaya? Mwandishi hakuwa amezaliwa mwaka ule. Muulizaji alikuwepo, na ushahidi wake ulikuwa mguu usiokuwepo.

Norov alifariki mwanzoni mwa 1869. Katika maktaba yake kilikutwa kitabu kidogo cha Kifaransa, hadithi ya visa na mikasa ya Roderick Random, na ndani yake, kwa mwandiko wake, maneno haya: nimekisoma Moscow, nikiwa nimejeruhiwa na kutekwa na Wafaransa, Septemba 1812.