Datsun ya Safari: ibaki na makovu yake au irudi vumbini?

Fundi alilegeza skrubu nne, akalitoa kava la ndani la mlango wa Datsun, kisha akaupiga mlango kwa kiganja. Vumbi jekundu likamwagika sakafuni kama unga wa wimbi. Tulikuwa kwenye gereji moja ya Eneo la Viwanda, Nairobi, na gari lile lilikuwa na miaka mingi halijaikanyaga barabara ya Taita. Mwenye gari akasema pafagiwe. Fundi akachukua ufagio, akasita. "Mzee, hili nalo tulitupe?"

Swali hilo ndilo linalowagombanisha wapenzi wa magari ya zamani ya Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Wapo wanaosema gari lililopigana vita vyake liachwe kama lilivyofika mwisho, na mikunjo yake na rangi yake iliyobabuka. Wapo wanaosema gari ni la kuendeshwa, na lisipoendeshwa ni bati tu. Wote wana hoja, na mimi nimewahi kuwa upande huu na ule.

Tuanze na wanaotaka liachwe. Safari ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari ya mwanzo yalikuwa ya kawaida kabisa, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari dukani, si kwa ukubwa wa injini. Hapo ndipo mapenzi ya watu yalipoanzia. Peugeot 404 ilishinda 1963, ikashinda tena miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966, na mtu aliyeishangilia mashindanoni wakati wa Pasaka aliweza kupanda nyingine kama hiyo wiki ileile kwenda Nakuru, amebanwa katikati ya abiria. Gari la aina hiyo ni hati. Kiraka kilichochomelewa usiku kando ya njia, tundu lililotobolewa kwa haraka ili kufunga taa, vyote vinasimulia kazi ya mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Ukilipiga msasa hadi likang'aa kama sahani ya harusi, umefuta mwandiko wao.

Kuna ugumu mwingine. Gari la mbio huishi maisha mengi. Volvo PV544 iliyompa dereva wa Kenya, Joginder Singh, ushindi wa 1965, akiwa na ndugu yake Jaswant, ilikuwa imeshatumiwa na timu ya kiwanda kabla hajaipata. Sasa anayetaka kurudisha gari la namna hiyo "lilivyokuwa", alirudishe lilivyokuwa lini? Likiwa la kiwanda au likiwa la Joginder? Kila ukichagua mwaka mmoja unaufuta mwingine.

Hata hivyo, gari lililosimama linaoza. Mipira ya sili hukauka, breki hugandamana, petroli ya zamani huacha utandu ndani ya kabureta. Na si gari peke yake. Kuna watu wanaopanga kabureta pacha kwa sikio, wakisikiliza mlio wa hewa upande huu na ule mpaka ulingane, na ujuzi huo haukai ndani ya kabati la kioo. Mashindano ya magari ya zamani ya East African Safari Classic Rally, yaliyoanza 2003 nusu karne baada ya Safari ya kwanza, yamewapa mafundi wa aina hiyo sababu ya kuendelea kushika spana. Hata Nissan, yenye uwezo wa kuyaweka magari yake kwenye ghala safi milele, iliifufua huko Japani mwaka 2013 ile Datsun 240Z ya dereva Edgar Herrmann iliyoshinda 1971, hadi ikatembea tena.

Lakini mchezo wenyewe wa Classic una kasoro yake, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Porsche 911 haikuwahi kushinda Safari ya enzi ile. Mwaka 1974 dereva wa Uswidi, Björn Waldegård, aliongoza nayo muda mrefu, kisha suspenshi ya nyuma ikamkatikia, Joginder akampita na Mitsubishi Lancer yake. Mwaka 1978 Vic Preston Mdogo naye akamaliza wa pili kwa Porsche. Njoo sasa kwenye Classic: Waldegård anashinda kwa Porsche 2011, akiwa na miaka 68, mwanawe Mathias akimsomea njia. Stig Blomqvist anafuata 2015, naye kwa Porsche. Magari yote mawili yalitoka karakana ya Tuthill ya Uingereza, ambayo huleta kundi zima la 911 kwa meli pamoja na mafundi wake.

Mpinzani atasema huko ni kuiandika historia upya kwa pesa. Bodi ni ya zamani, ndiyo, lakini imeimarishwa kila kiungo, na shokabsoba zake ni za karne hii. Lile lililokatika 1974 sasa halikatiki. Ana haki. Nami nikikumbuka mzee wa miaka 68 akivuka vumbi lile kwa siku tisa na mwanawe kando, hoja hiyo hunilegea mdomoni. Sijui kama ni haki kuita huo udanganyifu.

Nadhani kosa letu ni kuyaita yote kwa jina moja. Porsche iliyojengwa upya kwa ajili ya Classic haimdanganyi mtu, mradi isiuzwe kesho kama masalia ya 1974. Hiyo ipigwe, ipinduke, inyooshwe, ipigwe tena. Hatari iko kwenye kibati cha chasisi, kile chenye namba ya kulitambulisha gari. Kibati kimoja cha kweli, chenye jina kubwa nyuma yake, kinaweza kuzaa gari zima jipya, na mabaki halisi yakaendelea kuota kutu nyuma ya nyumba ya mtu mwingine. Yale machache yaliyokimbia kweli, mimi ningeyaacha injini iwake na breki ishike, basi. Bati lisiguswe. Najua mwenye gari aliyelipa kwa jasho lake atanicheka, na gari ni lake.

Yule mzee wa Datsun alicheka pia. Madigadi ya kushoto, iliyobonyea na kuliwa na kutu, iling'olewa ikawekwa mpya kutoka nje, puti ikapakwa, rangi ikapigwa. Gari limetoka zuri kuliko siku lilipotoka dukani. Fundi hakubishana naye. Alilizoa vumbi kwa kipande cha katoni, akalitia ndani ya mkebe wa Blue Band, akaupandisha juu ya rafu karibu na makopo ya grisi. Madigadi ya zamani ameitundika ukutani kwa waya.