Nilivyomshinda Tom Brady kwa Makubazi

Watu wa Texas wakikuambia mpira, usikimbilie kutaja Simba na Yanga. Wao mpira ni ule wa yai, unaobebwa kwapani, na vijana wa sekondari wanaucheza Ijumaa usiku huku mji mzima umehamia uwanjani. Pale Allen, kaskazini ya Dallas, wamejenga uwanja wa watu 18,000 kwa dola milioni 60, ukafunguliwa mwaka 2012. Wenyewe ni shule ya sekondari. Nilipiga picha mbele yake nikaituma Tanga, mama akauliza ndege yangu inaondoka saa ngapi.

Dada yangu mkubwa ana mtoto wa kiume, tunamwita Bonge. Ana miaka 17, kimo karibu mita 1.93, kilo 130, na kwenye timu ya shule anacheza mstari wa mbele, wale majabali wanaomkinga mrusha mpira asivunjwe mbavu. Kazi yake nzima ni kuzuia. Tangu aanze mpira hajapata pointi hata moja, na mtangazaji humtaja jina siku akifanya madhambi tu. Lakini dada alishadokezwa kwamba vyuo vikuu vya huku husomesha wachezaji bure: ada, chumba, vitabu na chakula. Timu moja kubwa kwa miaka mingi iliruhusiwa kusomesha wachezaji 85 kwa mpigo. Dada akapiga hesabu ya ada, akamtazama Bonge anavyokula, akasema huyu lazima awe mmoja wao. Hasa kwa sababu ya hilo la chakula.

Ndipo tukaanza kuhangaika na kombaini. Ni siku ya kupimwa kama ng'ombe mnadani Pugu. Wanakupima kimo, uzito, urefu wa mkono na upana wa kiganja. Unaruka juu, unaruka mbele, unakimbia huku ukigeukia koni, unanyanyua chuma cha ratili 225, yaani kilo 102, mara nyingi uwezavyo. Wakubwa wa NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo, wana yao kila mwaka pale Indianapolis tangu 1987. Na mfalme wa vipimo vyote ni mbio za yadi 40, mita 36 na nusu hivi. Mwaka 2024 Xavier Worthy alizimaliza kwa sekunde 4.21, na pale Indianapolis hajawahi kuonekana wa kasi kuliko hiyo. Kijana wa sekondari akipunguza vinukta viwili tu, simu ya mama yake haipoi.

Haya yote nilifundishwa na kinyozi wangu, Mkongomani wa Bukavu, mtu ambaye ukikaa kwenye kiti chake hutoki bila kujua nani alichaguliwa wa ngapi mwaka gani, maana timu za NFL kila mwaka huchagua vijana wapya kwa zamu, mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyeniambia kuhusu Tom Brady, mrusha mpira. Mwaka 2000 Brady alikimbia hizo yadi 40 kwa sekunde 5.28, akaonekana gogo, akaachwa mpaka akachaguliwa mtu wa 199. Baadaye akabeba ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL, mara saba. Mimi katika hadithi hiyo yote nilichobakiwa nacho kichwani ni 5.28.

Sasa shule ya Bonge ikaandaa kombaini yake ndogo, Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa mazoezi wa nyuma usio na mistari. Kocha msaidizi akapima kwa futi ndefu ya utepe, ile ya mafundi ujenzi inayozungushwa kwenye kijumba chake. Mmoja alishika mwanzo, mwingine akavuta mpaka 120, kwa sababu yadi moja ni futi tatu. Wakachomeka koni huku na huku, makocha wakakaa mwisho na saa zao za kubonyeza, kazi ikaanza.

Jamani, siku ile ilikuwa na baraka zake. Kila mtoto alivunja rekodi yake. Kijana mmoja aliyekuwa ametoka kuugua mafua alikimbia 4.1, mama yake akakaa chini kwenye nyasi. Kocha mkuu akatuambia wazazi kwamba haya ndiyo matunda ya mazoezi ya kiangazi, nasi tukampigia makofi. Akaja Bonge. Bonge akikimbia, kwanza unasikia ardhi, halafu unamwona. Saa zikabonyezwa, makocha watatu wakaonyeshana, wakatazamana: 4.52.

Baba mmoja akatafuta kwenye simu yake, akatusomea kwa sauti inayotetemeka. Mwaka 2013 Terron Armstead, mchezaji wa mstari wa mbele kama Bonge, aliweka rekodi ya watu wa nafasi yake pale Indianapolis kwa 4.71. Mtoto wetu alikuwa amempita, tena soksi moja imeshuka.

Kwa furaha ile kocha akatangaza kwamba mzazi anayetaka naye ajaribu. Mimi nimeshavuka 45, nina kitambi cha heshima, na mguuni nilikuwa na makubazi niliyoletewa kutoka Tanga. Bonge akaniwahi mkono. Kiswahili chake ni cha kuzaliwa huku:

"Mjomba, mimi sitaki wewe kukimbia."

Nikakimbia. Kubazi moja lilichomoka katikati nikaliacha, nikamaliza na la pili. Kocha akatazama saa yake, akanitazama mimi, akaitazama tena: 5.19.

Pigeni hesabu wenyewe. Toa 5.19 kwenye 5.28.

Watu walipoanza kutawanyika, kocha msaidizi akaniomba nimkunjie futi. Nikawa nazungusha kile kimkono, utepe unaingia, 60, 50, 40, mpaka ncha ikanifikia. Ilikuwa imekatika siku nyingi, wameifunga upya na kikulabu chake kwa waya, na namba ya kwanza kabisa juu ya ule utepe ilikuwa 18. Nikaikazia macho. Nikajisemea, watu hawa wana inchi 12 kwenye futi, futi 3 kwenye yadi, yadi 1,760 kwenye maili, na joto lao linafika nyuzi 100 mtu akiwa bado anaota jua. Futi kuanzia 18 ni katika mambo yao hayohayo. Nikaikunja, nikamrudishia kocha msaidizi kwa mikono miwili.

Jioni dada akapika pilau. Namba mbili zile nilikuwa nimeshazirusha kwenye kundi la ukoo, ya Bonge juu, ya kwangu chini na jina la Brady pembeni, na Tanga haikulala. Shangazi wa Ngamiani akauliza kama mtoto akishapata hela atakumbuka waliombeba. Baba mdogo wa Chumbageni akashauri aachane na hao wa yai, arudi acheze beki wa kati Coastal Union. Kuhusu 5.19 yangu hakuna aliyesema neno, isipokuwa mama, aliyeuliza kubazi nililoliacha nimeliokota au vipi.

Kinyozi ndiye aliyetia mchanga kwenye kitumbua.

"Kaka, ile saa iko inadanganya," akasema, mashine ikiwa imesimama juu ya sikio langu. "Weye? Na ile tumbo?"

Akaanza darasa. Saa ya mkononi, akasema, hubonyezwa baada ya mtu kuonekana ameondoka na hubonyezwa tena kabla hajafika, ndiyo maana ikilinganishwa na mashine humpunguzia mtu kama sekunde 0.2. Halafu hata kipimo kikiwa cha kweli, hakichezi mpira. Akanipa Mike Mamula: mwaka 1995 alijifua kwa vile vipimo vyenyewe, akatisha watu Indianapolis, Philadelphia Eagles wakamchukua mtu wa saba, na kwenye mechi akawa mchezaji wa kawaida tu. Akanipa na Anquan Boldin: mwaka 2003 alikimbia kama 4.7, uzee mtupu kwa mdaka mipira, akaachwa mpaka wa 54, na msimu wake wa kwanza akadaka mipira 101. Nikamsikiliza kwa adabu, maana wembe alikuwa nao yeye. Lakini moyoni nilijua ni wivu. Yeye ana miaka mingi mjini na hajawahi kumshinda mtu yeyote maarufu.

Barua ikaja. Chuo kikuu kimoja, sikitaji, kilikuwa kimeziona namba za Bonge na kinamkaribisha kambini kwake apimwe mbele ya makocha wao. Dada aliibusu ile barua. Baadaye tuligundua barua kama hizo hutumwa kwa vijana tele, na kwamba mwaliko ulikuwa na ada ya kiingilio, tena isiyorudishwa. Lakini tulikuwa tumeshajaza mafuta.

Kule hakukuwa na saa ya kubonyeza wala futi ya mafundi. Kulikuwa na vijiti vya miguu mitatu vyenye macho mekundu, miali inapita kutoka kijiti hadi kijiti. Unaweka kiganja kwenye kibao, ukikiinua tu muda unaanza, ukikata mwali wa mwisho unasimama, na namba inawaka kwenye ubao mkubwa kila mtu aone. Kila kijana alikuwa na majaribio mawili, la asubuhi na la baada ya chakula.

Bonge akakimbia la asubuhi. Ardhi ikasikika kama kawaida. Ubao ukawaka: 5.43.

Nilidhani umeme umekatika. Nikamfuata kijana aliyekaa kwenye kompyuta, mwanafunzi wa chuo, nikamweleza kwa utulivu kwamba chombo chake ni kibovu. Akasema kimekaguliwa asubuhi. Nikamwambia huyu mtoto ana 4.52 iliyoshuhudiwa na makocha watatu. Akanijibu kwa upole kwamba shule nyingi huja na namba zao. Dada akanivuta shati. Nikanyamaza mpaka wakati wa chakula.

Wakati wa chakula uwanja ulikuwa mtupu, yule mwanafunzi amebaki na mkate wake na kompyuta. Nikamweleza habari ya 5.19. Nikamwambia kuna njia moja tu ya kujua nani mbovu kati ya chombo na mtoto: nipite mimi. Marekani hata mtoto akitaka kuruka kwenye puto kubwa la kurukia anasainiwa karatasi, lakini siku hiyo hakuna aliyenisainisha kitu. Akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa. Alichosahau ni kwamba mashine ilikuwa imeshawekewa mkimbiaji wa kwanza wa kipindi cha mchana, na huyo alikuwa Bonge.

Safari hii nilivaa raba. Nikaweka kiganja, nikainua, nikaondoka vizuri kabisa, hilo hata maadui zangu watakiri. Yadi kumi, ishirini. Hapo msuli wa paja la nyuma ukalia *pwaa*, nikaruka kwa mguu mmoja kama mara tatu, halafu nikalala kifudifudi, yadi chache tu kabla ya jicho la mwisho.

Yule mwanafunzi akadondosha mkate na kuja mbio. Ubao haukuwa na habari. Ubao unasubiri mwali ukatwe. Nilipogeuza shingo niliona 20, ikawa 30, ikawa 40. Wahudumu wa huduma ya kwanza wakaja na barafu, wakaniuliza jina langu na rais ni nani. Watoto wakaanza kutoka bwalo la chakula na sahani zao kuja kutazama. Mwishowe kikaja kigari kidogo, kile cha wacheza gofu, wakanilaza nyuma miguu ikining'inia. Dereva akaangalia upande gani ni karibu na kliniki, akanyoosha moja kwa moja mbele, akapita katikati ya vile vijiti.

Ubao ukapiga kengele na kusimama: 94.07.

Nilikuwa mtu wa kwanza kambini pale kumaliza mbio hali amelala. Namba ikaingia kwenye mstari wa Bonge, jaribio la pili, na mashine haikuwa na nafasi ya jaribio la tatu. Karatasi ya matokeo ikapelekwa kwa makocha wote jioni hiyohiyo. Njiani kurudi Dallas, Bonge alivaa vile vidude vya masikioni mpaka mlangoni. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, mguu juu ya boksi la maji, nikimweleza dada kwamba kama chombo kingekuwa kizima kingejua tofauti ya mtu na gari. Dada hakunijibu.

Wiki iliyofuata simu ikaita. Kocha wa mstari wa mbele wa kile chuo. Dada akaiweka kwenye spika, akatuashiria hata tusipumue. Kocha akauliza kama ni kweli anaongea na kijana wa sekunde 94.

"Hapana, bwana. Huyo ni mjomba wangu."

Tukasikia upande wa pili watu zaidi ya mmoja wakiangua kicheko. Kocha alipopata pumzi akaeleza kwamba ofisi nzima walifungua jina la Bonge ili wacheke, na wakiwa humohumo wakafungua na video za mechi zake. Hiyo 5.43 wala haikuwa imemkosesha usingizi, akasema, maana mtu wa mstari wa mbele akijikuta anakimbia yadi 40, mambo yameshaharibika mbele. Yeye anatazama yadi kumi za mwanzo, na jinsi miguu inavyokaa mtu anaposukumwa. Akataka video za msimu mzima na alama za darasani. Akasisitiza za hesabu. Bonge akatazama sakafu. Ofa ya maandishi haijaja mpaka leo, lakini kocha hupiga, na kila akipiga huuliza mguu wangu unaendeleaje.

Bonge akaona hiyo haitoshi. Akapiga picha ile karatasi ya matokeo, akaizungushia 94.07 duara jekundu, akaandika jina langu, akairusha kwenye kundi la ukoo. Palikuwa kimya kwa muda. Halafu ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa mama.

"Mwanangu, nimeoneshwa. Tisini na nne! Hongera sana. Miaka yote uliyosoma pale Tanga hukuwahi kuniletea hata arobaini."